Metani ya Ziwa Kivu na Majiko ya Butembo na Beni

Katika miji ya Butembo na Beni chakula hupikwa zaidi kwa makaa, ambayo wenyeji huyaita makala, ilhali kusini mwa jimbo hilohilo la Kivu Kaskazini limelala ziwa lenye takriban kilomita za ujazo 60 za metani, gesi inayowaka vizuri kuliko makaa yoyote. Ni haki basi wananchi waulize kwa nini gesi hiyo haitiwi katika chupa za chuma na kuletwa jikoni, na sehemu kubwa ya jibu imo katika maumbile ya gesi yenyewe.

Metani ndiyo hidrokaboni sahili kuliko zote, kwa kuwa molekuli yake, yaani punje yake ndogo kabisa, ina atomu moja ya kaboni iliyozungukwa na nne za hidrojeni. Molekuli hizo ni nyepesi na huvutana kwa nguvu hafifu mno, ndiyo maana metani haigeuki kimiminika mpaka ipoe kufikia nyuzi 161.5 chini ya sifuri. Zaidi ya hayo, kila gesi ina joto kikomo, ambalo juu yake hakuna mgandamizo wowote unaoweza kuigeuza kimiminika, na kwa metani kikomo hicho ni nyuzi 82.6 chini ya sifuri. Kwa hiyo, katika hali ya hewa ya Beni, pampu hata iwe na nguvu kiasi gani haitapata hata tone moja la metani.

Butani, ambayo pamoja na propani ndiyo gesi ya chupa za jikoni, ina tabia tofauti, kwani molekuli yake ina atomu nne za kaboni, huchemka karibu na sifuri, na katika joto la nyuzi 20 shinikizo la mara mbili hivi ya lile la hewa hutosha kuifanya kimiminika. Valvu inapofunguliwa, mvuke ulio juu hutoka na kimiminika kilicho chini huchemka ili kuujazia, kikichota joto kutoka kwenye chuma cha chupa. Asubuhi ya baridi ya Butembo, sufuria ya maharagwe ikiwa imekaa motoni kwa muda, mkono ukiigusa chupa huikuta baridi, na pengine umande umeivaa hadi kimo cha kimiminika kilichobaki ndani. Ndipo mwali huanza kufifia, ingawa chupa haijaisha.

Ziwa Kivu huihifadhi metani kwa njia nyingine, nayo ni uzito wa maji. Gesi huyeyuka majini kwa wingi zaidi kadiri shinikizo linavyokua, na katika kina cha mita 350 shinikizo hilo linazidi mara 35 lile la hewa ya ufukweni. Maji hayo yakipandishwa kwa bomba, shinikizo hupungua na gesi huchomoza kwa mapovu, kama soda inapofunguliwa, na mapovu hayo huyafanya maji ya bombani kuwa mepesi hata yakaendelea kupanda yenyewe. Kwa kuwa kaboni dioksaidi, iliyomo humo kwa wingi zaidi, huyeyuka majini kwa urahisi kuliko metani, mchanganyiko huo husafishwa kwa kuoshwa na maji ya ziwa lenyewe. Kwa njia hiyo mtambo wa KivuWatt, ulioko Karongi upande wa Rwanda, umekuwa ukizalisha megawati 26 za umeme tangu mwanzoni mwa mwaka 2016.

Kilo moja ya metani hutoa megajuli 50 hivi za joto, ilhali ya makaa hutoa 30 hivi. Hata hivyo, joto hilo hukutana na mwinuko wa nchi: Butembo, iliyo zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na Beni, iliyo chini zaidi, kwenye 96 hivi, hivyo maharagwe huchelewa kuiva hata mwali uwe mkali, na sufuria yenye mfuniko unaobana mvuke huokoa nishati nyingi. Usalama nao hutegemea uzito wa gesi, kwani metani hupaa, bali butani inayovuja hutuama sakafuni, na jiko lake linahitaji matundu ya hewa karibu na ardhi.

Ili metani itiwe chupani ikiwa gesi, ingebidi ibanwe hadi shinikizo la mara 200 hivi ya lile la hewa, katika vyuma vizito visivyofanana na chupa ya jikoni. Kwa hiyo njia nyepesi ya kuufikisha moto wa Kivu Butembo na Beni, kupita milima ya Lubero, ni waya wa umeme, na yeyote anayeahidi chupa ya metani ana wajibu wa kueleza kwanza itastahimili shinikizo gani.