Isimu si mzigo kwa mwalimu wa lugha

Aghalabu wanafunzi wanaosomea ualimu wa Kiswahili katika vyuo vyetu hunung'unika pindi wanapokutana na somo la isimu. Huuliza: fonimu na mofimu zitamfaa nini mtu ambaye kazi yake itakuwa kufundisha ngeli, methali na insha? Basi hulisoma somo hilo kwa ajili ya mtihani tu, na mara wanapotunukiwa shahada huyatupa madaftari. Hasara ya jambo hilo huonekana darasani, na anayeumia ni mtoto.

Isimu ni taaluma inayoichunguza lugha ya binadamu kwa njia ya kisayansi. Mwanaisimu si lazima awe mtu ajuaye lugha nyingi, wala si hakimu wa kuamua nani asema vyema na nani aboronga. Kazi yake ya kwanza ni kusikiliza jinsi watu wanavyosema, kisha kutafuta kanuni zinazoutawala usemi huo. Mtaalamu wa mimea haulaumu mbaruti kwa kuwa na miiba. Huuchunguza akajua kwa nini umeota ulivyoota.

Taaluma hii ina mizizi mirefu. Zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, huko India, Panini aliieleza sarufi ya Kisanskriti kwa kanuni fupi fupi zinazokaribia 4,000. Isimu ya kisasa ilipata msingi wake katika mihadhara ya Ferdinand de Saussure wa Uswisi, iliyochapishwa mwaka 1916, miaka mitatu baada ya kufariki kwake. Yeye alitenganisha lugha kama mfumo unaomilikiwa na jamii nzima na usemi wa mtu mmoja mmoja. Mwaka 1957 Noam Chomsky wa Marekani alizua mjadala mpya: ni ujuzi gani uliomo akilini unaomwezesha mtu kutunga na kuelewa sentensi ambazo hajapata kuzisikia maishani?

Swali hilo si la Wazungu pekee. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili husema "kiti kimeanguka", lakini akimwona kifaru hasemi "kifaru kimeanguka". Husema "kifaru ameanguka", na wakiwa wengi, "vifaru wameanguka". Amejuaje kwamba kiumbe chenye uhai huvunja utaratibu wa ngeli ya KI-VI? Hajafunzwa na mtu. Ameijenga kanuni hiyo mwenyewe kutokana na maneno aliyoyasikia, hata kabla ya kushika kalamu.

Watu wazima nao hufanya vivyo hivyo. Neno "kitabu" lilitoka katika Kiarabu, na "ki" yake haikuwa kiambishi hata kidogo. Waswahili walipolipokea waliisikia "ki" ile, wakasema "vitabu". Vilevile mafundi wa magari walilichukua neno la Kiingereza mudguard, wakalitamka "madigadi". Kwa kuwa "ma" huashiria wingi, walipotaka kutaja kimoja walisema "digadi". Aonaye hapa ujinga hajatazama vizuri. Huo ni ushahidi kwamba sarufi ya Kiswahili i hai katika vichwa vya wasemaji wake.

Sasa tuingie darasani. Mwanafunzi ambaye lugha yake ya kwanza ni Gĩkũyũ husema "rara" badala ya "lala", na "ndawa" badala ya "dawa". Mwenzake msemaji wa Dholuo husema "sule" badala ya "shule". Wenzao huangua kicheko, na wakati mwingine mwalimu naye hucheka. Tangu siku hiyo mtoto hanyoshi mkono tena. Huketi nyuma, akaamini kwamba Kiswahili ni mali ya watu wengine.

Mwalimu aliyesoma isimu hawezi kucheka. Anajua kwamba Gĩkũyũ hakitenganishi fonimu /l/ na /r/, na kwamba sauti "d" katika lugha hiyo haisimami peke yake bali huandamana na "n". Anajua pia kwamba Dholuo haina sauti "sh". Hivyo mtoto yule hana ulimi mzito wala akili nzito. Anatii kanuni za lugha aliyonyonya pamoja na maziwa ya mama yake. Mwalimu akishaujua ugonjwa, dawa haimpigi chenga: atamletea vitate. Atamwonyesha kwamba aendaye kupiga kura si sawa na aendaye kula, na kwamba kasa huogelea baharini ilhali kasha huwekwa nguo. Sikio likishaipata tofauti, ulimi hufuata polepole.

Hali ni hiyo hiyo kuhusu lahaja. Mwanafunzi wa Mombasa aandikapo "ndia", "ndaa" na "ndoo" akikusudia "njia", "njaa" na "njoo", kalamu nyekundu humwangukia kana kwamba ameandika upuuzi. Hebu yatazameni maneno hayo matatu kwa pamoja. Palipo na "nj" katika Kiswahili sanifu, Kimvita kina "nd". Huo ni ulinganifu wenye utaratibu. Tukumbuke pia kwamba usanifu haukushuka kutoka mbinguni. Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano uliofanyika mwaka 1928, tena huko huko Mombasa, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikaiendeleza kazi hiyo. Uamuzi ule ulikuwa wa kiutawala. Haukuthibitisha kwamba Kimvita ni lugha iliyoharibika.

Huenda mtu akauliza: je, basi kila kisemwacho ni sahihi, na mitihani tuifute? La hasha. Taifa linahitaji lugha sanifu ya vitabu, ya mahakama na ya magazeti, na mwanafunzi ana haki ya kufunzwa lugha hiyo barabara. Lakini kumwongezea mtoto nguo ya pili hakulazimu kumvua ya kwanza hadharani. Kumwambia "hapa tunaandika njia" ni kufundisha. Kumwambia "nyinyi hamjui Kiswahili" ni kumdhulumu, tena anapoambiwa hivyo mtoto ambaye mababu zake walitunga tenzi kwa lahaja hiyo.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inaitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na papo hapo inaiagiza serikali kukuza na kulinda lugha nyingine za Wakenya. Agizo hilo halitatimizwa na hotuba. Litatimizwa na mwalimu anayeingia darasani akijua kwamba kila lugha iliyo mbele yake ina kanuni zake.

Kwa hiyo, enyi mnaosomea ualimu, msiyatupe madaftari yenu ya isimu. Na vyuo navyo viache kulifundisha somo hili kama orodha ya istilahi za kukariri; walimu wa baadaye watumwe vijijini na mitaani kusikiliza, kurekodi na kuchanganua. Mganga asiyeujua mwili humwongezea mgonjwa maradhi. Mwalimu wa lugha asiyejua lugha ilivyo ndani yake atawanyamazisha wale wale aliotumwa kuwafundisha kusema.