SHUGHULI ZA WANAFUNZI SI KUPOTEZA WAKATI

Safari hii tunataka kuzungumza juu ya jambo linaloleta ubishi katika vijiji vingi. Jambo lenyewe ni shughuli ambazo watoto wetu hufanya shuleni nje ya masomo ya darasani. Shughuli hizo ni kama vile bustani, michezo, ngoma, kwaya, mijadala, na vikundi vya sayansi ambavyo huitwa klabu.

Wako wazazi wanaouliza: "Mimi nimempeleka mtoto akasome. Mbona saa kumi bado anamwagilia mchicha? Mbona Jumamosi anaitwa klabu?" Wengine huwakataza kabisa watoto wao, hasa wa kike. Wanasema arudi nyumbani upesi, ateke maji, apike.

Hatusemi kwamba wazazi hao ni wabaya. Kazi za nyumbani zipo, na mtoto lazima asaidie. Lakini kabla ya kumkataza, yafaa tujue shughuli hizo zinaleta faida gani. Maneno matupu hayatoshi. Kwa hiyo tutaeleza kwanza habari za shule moja ya kijijini, halafu tutarudi kwetu.

SHULE YA KERIKO

Shule hiyo iko kwa jirani zetu wa Kenya. Inaitwa Keriko. Ni shule ya sekondari ya kutwa, wavulana na wasichana pamoja. Iko katika kijiji cha Pwani, upande wa Njoro, Nakuru. Msidhani kwamba kijiji hicho kiko baharini kwa sababu ya jina lake. La! Kiko bara, katika Bonde la Ufa, mahali pakavu penye mvua haba.

Mwaka 2019 sifa za shule hiyo zilienea duniani. Wakati huo hali yake ilikuwa hivi:

Wanafunzi 95 katika kila 100 walitoka katika familia maskini.

Karibu theluthi moja yao, yaani karibu mmoja katika kila watatu, walikuwa yatima au walikuwa na mzazi mmoja tu.

Wengine walitembea kilomita 7 kufika shule. Mvua ikinyesha, njia zilikuwa hazipitiki.

Mwalimu mmoja alikuwa na wanafunzi 58 darasani.

Shule nzima ilikuwa na kompyuta moja tu ya mezani.

Basi mnaona wenyewe. Hiyo haikuwa shule ya matajiri. Shida zake ni zile zile tunazozijua sisi: njaa, umbali, mimba za mapema, vijana kuacha shule.

WALIFANYA NINI?

Katika shule hiyo alikuwapo mwalimu wa hesabu na fizikia, jina lake Peter Tabichi. Yeye ni mtawa. Alianzisha klabu ya kukuza vipaji, na akaipanua klabu ya sayansi. Katika klabu hiyo wanafunzi walibuni vitu na kuvijaribu.

Vile vile yeye na walimu wenzake wanne waliwafundisha mmoja mmoja wanafunzi waliokuwa nyuma katika hesabu na sayansi. Waliwafundisha baada ya saa za darasani na mwisho wa juma. Tena walikwenda majumbani kwa wanafunzi, wakazungumza na wazazi wao, wajue shida iko wapi.

Jambo jingine ni klabu ya amani. Wengi wenu mnakumbuka ghasia zilizotokea Kenya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Sehemu za Nakuru ziliumia sana. Katika shule ya Keriko walikuwako wanafunzi wa makabila 7. Klabu ya amani iliwaunganisha. Walifanya mijadala pamoja na walipanda miti pamoja. Ni vigumu kumchukia mtu ambaye mmechimba naye shimo moja la mti.

MATUNDA YALIYOPATIKANA

Sasa tuangalie matunda. Tutatumia hesabu, kwa maana hesabu haisifu mtu bure.

Kwanza, idadi ya wanafunzi iliongezeka maradufu katika muda wa miaka mitatu, ikafika 400. Wazazi walipoona shule inafaa, walileta watoto.

Pili, makosa ya utovu wa nidhamu yalipungua. Zamani yalikuwa 30 kwa wiki. Yakashuka mpaka 3 tu.

Tatu, mwaka 2017 waliokwenda vyuoni walikuwa wanafunzi 16 kati ya 59. Mwaka 2018 wakawa 26. Wameongezeka 10 kwa mwaka mmoja.

Nne, mwaka 2018 wanafunzi wa Keriko walipeleka kazi yao katika maonyesho ya sayansi ya taifa la Kenya. Walikuwa wamebuni chombo cha kuwasaidia vipofu na viziwi kupima vitu. Shule yao ikawa ya kwanza nchini katika kundi la shule za umma. Mwaka 2019 timu yao ikafuzu kwenda kwenye mashindano ya sayansi ya kimataifa huko Arizona, Marekani.

Tano, wanafunzi walipata tuzo ya Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kwa kazi ya kupata umeme kutokana na mimea ya kwao.

Na mwezi Machi 2019, huko Dubai, Mwalimu Tabichi alipewa tuzo ya mwalimu bora wa dunia. Tuzo hiyo ilikuwa na fedha dola milioni 1 za Marekani. Lakini sisi tunapenda zaidi kutazama wale vijana 26 kuliko zile dola. Dola zilikuja mwishoni, na kazi ilikuwa imekwisha fanyika kabla yake.

JE, UMEME HUTOKA KATIKA MMEA?

Labda mtu atasema: "Huu ni uongo, mmea hauwezi kutoa umeme." Basi fanyeni jaribio hili dogo linalofanywa katika shule nyingi. Chukueni ndimu moja. Upande mmoja chomekeni msumari wa bati, ule uliopakwa zinki. Upande wa pili chomekeni kipande cha waya wa shaba. Msumari na waya visigusane ndani ya ndimu. Ule ukali wa maji ya ndimu, pamoja na madini hayo mawili tofauti, huleta umeme kidogo sana. Mwalimu wa sayansi mwenye kifaa cha kupimia umeme anaweza kuwaonyesha.

Umeme huo hautoshi kuwasha taa ya nyumba. Na ndimu hiyo isiliwe, itupwe. Lakini mtoto aliyeona jambo hilo kwa macho yake hatasahau somo. Aliyeliandika tu ubaoni husahau upesi.

KWA NINI SHUGHULI HUSAIDIA MASOMO?

Chukueni mfano wa bustani. Tuseme wanafunzi wamelima matuta mawili ya mchicha. Moja wametia samadi, la pili hawakutia. Katika kila tuta wamepanda miche 40. Baada ya wiki tatu wanahesabu. Katika tuta la samadi imestawi miche 36. Katika tuta la pili imestawi 24.

Hapo mtoto amejifunza mambo mengi kwa mara moja. Amehesabu: 36 kati ya 40 ni sawa na 90 katika kila 100. Na 24 kati ya 40 ni 60 katika kila 100. Ameandika tarehe na namba. Amelinganisha. Amesimama mbele ya wenzake akaeleza alichokiona. Na jioni akija nyumbani anaweza kumwambia baba: "Baba, samadi ya zizini tusiitupe."

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alieleza siasa ya Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe pia mahali pa kazi, ili mtoto asijione mgeni katika kijiji chake. Mawazo hayo hayajazeeka.

Hapa Tanzania mtoto wa kijijini ana njia za kuonyesha alichojifunza. Katika michezo kuna UMITASHUMTA kwa shule za msingi, na UMISSETA kwa shule za sekondari. Katika sayansi, tangu mwaka 2012 yamekuwapo maonyesho ya Wanasayansi Chipukizi Tanzania kwa shule za sekondari. Lakini mtoto hawezi kufika huko kama hakuruhusiwa hata kubaki shuleni saa moja.

LAKINI TUWE MACHO

Hata hivyo, si kila kazi inayofanyika shuleni ni shughuli ya kujifunza. Mtoto akitumwa wakati wa somo akalime shamba la mtu binafsi, hiyo si elimu ya kujitegemea. Huo ni utumwa mdogo. Mzazi ana haki ya kuuliza, tena kwa heshima, katika mkutano wa wazazi au kwa kamati ya shule.

Ulizeni mambo manne:

1. Watoto wanajifunza nini katika kazi hii?

2. Je, inafanyika nje ya saa za masomo?

3. Mazao yakiuzwa, fedha zinaandikwa wapi na zinafanya kazi gani?

4. Watoto wanaokaa mbali wanaondoka saa ngapi, wasije wakapita porini gizani?

Swali la nne ni zito, hasa kwa wasichana. Kama klabu inamalizika usiku, kosa si la mtoto wala si la klabu. Saa zibadilishwe. Wazazi wa mtaa mmoja wanaweza pia kupanga zamu ya kuwasindikiza.

WEWE MZAZI UFANYE NINI?

Wewe uliyejifunza kusoma ukubwani unayo silaha ambayo zamani hukuwa nayo. Mwambie mtoto alete daftari lake la klabu. Lisome pamoja naye. Usipoelewa neno, muulize. Si aibu. Mtoto anayemweleza mama yake kazi yake huielewa yeye mwenyewe mara mbili.

Gawa kazi za nyumbani kwa haki. Kama kaka yake anaruhusiwa kucheza mpira Jumatano, na dada yake aruhusiwe klabu Alhamisi. Siku hiyo kaka ateke maji. Ndoo haiulizi nani mume nani mke.

Na kama unajua kusuka mikeka, kufinyanga, kuseremala au kufuga nyuki, nenda shuleni ukajitolee kufundisha. Mtu mwenye ujuzi si lazima atoke mjini.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Taja shida tatu zilizokuwapo katika shule ya Keriko. Ni zipi zilizopo pia katika shule yetu?

2. Ukitoa 3 katika 30, unapata ngapi? Namba hiyo inatuambia nini juu ya nidhamu ya Keriko?

3. Katika kijiji chetu ni watoto wangapi wa kike walio katika klabu au timu ya shule? Wasiomo, wanazuiwa na nini?

4. Ni nani kati yetu anaweza kufundisha ufundi shuleni? Andikeni majina yao, halafu mpelekeeni mwalimu mkuu.