Kusoma Tarakimu Iliyofunikwa na Muhuri: Kazi ya Chaneli za Rangi

Ugomvi juu ya malipo waweza kuanzia kwenye tarakimu moja isiyosomeka. Mwanachama adai kwamba aliingiza kilo 84 za kahawa. Karani aona 34. Na juu ya tarakimu ile umegongwa muhuri mwekundu wa IMELIPWA. Kilo 50 za kahawa si kitu cha kukisia. Kabla ya shauri kufikishwa kwenye kamati, iko njia ya kuisoma stakabadhi bila kuikwaruza wala kuilowesha, nayo ni kuitenga picha yake katika chaneli za rangi.

Picha ya rangi iliyomo katika kompyuta imeundwa kwa nukta ndogo mno, na kila nukta huhifadhiwa kwa namba tatu: kiasi cha wekundu, cha kijani na cha buluu. Kwa kawaida namba hizo huanzia 0, yaani giza, hadi 255, yaani mwanga kamili. Zikiwa zote 255 nukta huwa nyeupe. Namba za wekundu zikikusanywa peke yake hufanya picha moja ya weusi na weupe tu. Hiyo ndiyo chaneli nyekundu. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1861, huko London, James Clerk Maxwell alionyesha picha ya utepe iliyopigwa kupitia vichujio vya rangi hizo tatu, kisha zikaunganishwa kwa mwanga.

Hapa ndipo wengi hupotoka. Hudhani kwamba katika chaneli nyekundu muhuri mwekundu utatokeza zaidi. Sivyo. Karatasi nyeupe ina wekundu mwingi, kwa kuwa weupe umechanganya rangi zote. Wino mwekundu nao una wekundu mwingi. Katika chaneli hiyo viwili hivyo hukaribia kulingana, na muhuri hufifia kana kwamba umefutwa. Wino wa buluu, usio na wekundu mwingi, hubaki mweusi, na tarakimu husomeka. Chaneli ya buluu hufanya kinyume: muhuri hukoza, na karatasi iliyogeuka manjano kwa umri huonekana chafu zaidi.

Programu ya GIMP, itolewayo bila malipo, huigawa picha katika chaneli hizo kwa amri moja iliyomo katika orodha ya rangi. Lakini kazi huweza kuharibika mapema, kwenye skana. Stakabadhi haina budi kuskaniwa kwa rangi, nukta 300 kwa kila inchi, na kuhifadhiwa kwa muundo wa PNG au TIFF. Karani askaniye kwa weusi na weupe ili kuokoa nafasi amekwisha kutupa kile kile kitakachotafutwa. Muundo wa JPEG, aghalabu, hupunguza habari za rangi kuliko za mwanga, hata kingo za tarakimu zikatoka na madoa.

Njia hii haina miujiza. Tarakimu ya kalamu nyekundu hutoweka pamoja na muhuri, na muhuri wa buluu hautengeki kirahisi na wino wa buluu. Pengine mkato mmoja, tuseme ule uliogeuza 3 kuwa 8, utaonekana hafifu kuliko mingine. Hiyo yaweza kuwa dalili ya kalamu ya pili, wala si uthibitisho, na katibu asimshitaki mtu kwayo; ampelekee mkaguzi stakabadhi yenyewe pamoja na picha ya asili, isiyoguswa. Kazi ya chaneli ifanywe kwenye nakala, na jina la faili liandikwe katika kitabu cha mapokezi, kando ya namba ya stakabadhi.