Kidege cha Mtoto na Haki ya Jirani

Watu wengi hudhani ya kuwa mnyama afugwaye na mtoto ni mchezo tu, wala hana uzito katika mambo ya watu wazima. Sisi twaona kinyume cha hayo, na dalili yetu yatoka Madina, katika nyumba ya Bibi Ummu Sulaim na mumewe Abu Talha, Mwenyezi Mungu awawie radhi.

Nyumba hiyo ilikuwa na mtoto mdogo akiitwa Abu Umair, nduguye Anas bin Malik kwa mama, naye alikuwa na kidege akikichezea. Mtume Muhammad (s.a.w.) alikuwa na desturi ya kuwazuru. Siku moja akamkuta mtoto amehuzunika, akaambiwa ya kuwa kidege chake kimekufa. Basi akamwelekea, akamwita kwa jina la heshima kama aitwavyo mtu mzima, akamwuliza khabari za kidege chake. Anas, aliyeisimulia khabari hii, asema pia ya kuwa wakati wa sala ukiingia Mtume akiwa kwao, busati lilifagiwa na kunyunyizwa maji, nao wakasimama nyuma yake wakasali. Mwanachuoni wa Kishafii, Ibn al-Qass wa Tabaristan, aliandika kitabu mahsusi juu ya hadithi hii, akatoa humo faida zipatazo 60.

Sisi leo twashika moja tu: mapenzi ya mtoto kwa kiumbe mdogo ni mlango ambao jirani aweza kuingilia.

Katika mitaa yetu ya pwani, mlango huo mara nyingi huwa ni paka. Mtoto humpa jina, walakini paka hajui mipaka ya kuta: asubuhi yuko kwetu, adhuhuri yuko kwa jirani akingoja kichwa cha samaki. Mtume (s.a.w.) ametufundisha ya kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wenye kutuzunguka. Akipotea, mtoto hubisha hodi katika nyumba ambazo baba yake hajazikanyaga mwaka mzima. Mama ajaye kusema amemwona, hukaribishwa kahawa, na hapo ndipo hujulikana ya kuwa kwake kuna mgonjwa. Jirani wa salamu za njiani akawa jirani wa kujuliana hali.

Lakini mlango huo huo waweza kuingiza fitina. Paka akila kifaranga cha jirani, na mzazi akamtetea paka na kumdharau jirani, uhasama huzaliwa. Na wengine hufikia hata kutega sumu. Tukumbuke yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka mpaka akafa, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Haki ya mnyama ipo, na haki ya jirani ipo, wala moja haiondoi nyingine.

Kwa hiyo, enyi wazazi, mtoto akitaka kufuga, afundishwe kwanza kulisha na kunywesha kila siku. Mnyama akiharibu mali ya jirani, nendeni pamoja na mtoto, mlipe na kuomba radhi, ili ajifunze kwa macho yake. Nanyi vijana, kiumbe cha mtoto wa jirani kikifa, msicheke. Mwulizeni khabari zake, kwani aliye bora kuliko sisi sote aliuliza.