Paka Mweusi na Urithi wa Rangi

Jina la mji wa Sumbawanga, ulioko katika uwanda wa juu wa Ufipa, hufasiriwa kwa kawaida kuwa "tupa uchawi". Yafaa basi kuanzia hapo kueleza jambo ambalo katika nchi zetu nyingi limehusishwa na wanga, yaani paka wa milia kuzaa mtoto mweusi tititi. Mwenye nyumba hushtuka, na pengine humtupa mtoto huyo asiye na kosa ila rangi.

Kila paka hupokea chembe za urithi mbili mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Iko chembe ambayo huutia unywele mmoja pete za rangi mbili, nyeusi na manjano, na kwa sababu hiyo milia huonekana. Mwaka 2003 wataalamu walidhihirisha kuwa paka mweusi amerithi chembe hiyo ikiwa na upungufu mdogo, mfano wa neno lililopoteza herufi mbili likapotewa na maana. Chembe pungufu hufichwa na ile kamili. Kwa hiyo mzazi wa milia aweza kuichukua bila kuionyesha. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mtoto ana nafasi moja katika nne ya kuwa mweusi.

Umbo la milia nalo lina chembe yake. Mfano ulio karibu nasi ni paka wa Sokoke, ambao Wagiriama huwaita khadzonzo. Mwaka 1978 Jeni Slater aliwapata watoto wa paka hao karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, pwani ya Kenya. Baadaye wengine walipelekwa Denmark. Hawana milia myembamba bali mabaka mapana yaliyojizungusha, kama gome la mti. Paka hapati mabaka hayo ila arithi chembe yake kwa wazazi wote wawili. Chembe hiyo ilitambuliwa mwaka 2012, ikaonekana kuwa ndiyo pia imtofautishayo duma mwenye mabaka na duma wa madoa.

Basi paka mweusi azaliwaye Ufipa hakutumwa na mtu. Ameletwa na babu zake wa pande mbili, naye atalinda ghala la mahindi na ulezi sawasawa na ndugu zake wa milia.