Vijia vya Usambara Ndani ya Simu

Mtu akishuka basi stendi ya Lushoto na kuuliza njia ya kwenda Irente kwa miguu, hujibiwa kwa mkono. Mkono unaelekea kusini-magharibi, unapinda hewani, kisha maneno yanafuata: pita kanisani, ukikuta mikaratusi shika kushoto, usije ukashuka bondeni. Maelezo ya namna hiyo yamewafikisha watu miaka na miaka, na bado yanawafikisha. Kasoro yake ni kwamba yanamfaa zaidi yule anayejua ni kanisa gani na mikaratusi ipi, na Usambara mikaratusi haina idadi.

Siku hizi muulizaji ana jibu la pili mfukoni mwake. Akifungua ramani ya mtandaoni ya OpenStreetMap ataona barabara ya lami inayopanda kutoka Mombo. Atapanua picha kwa vidole viwili, na kadiri inavyokua ndivyo vitu vidogo vinavyojitokeza: kijito, shule, mistari ya kahawia ya barabara za mashambani, na vidoti vyekundu vinavyopita kati ya nyumba na migomba. Vidoti hivyo ndivyo njia za miguu. Akigusa mahali alipo na mahali anapokwenda, ramani humchagulia njia na kumpigia hesabu ya kilomita. Baadhi ya programu humchorea hata umbo la mpando, aone mapema wapi atatembea na wapi atahema.

Wengi hudhani vidoti hivyo vimewekwa na serikali, au setilaiti, au kampuni fulani kubwa ya Marekani. Vingi vimewekwa na watu wa kawaida, na wengine kati yao walipita pale kwa miguu yao.

OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, wakati ambapo takwimu za ramani za nchi hiyo ziliuzwa kwa bei na masharti ambayo mtu wa kawaida hakuyaweza. Wazo lake ni lile lile la Wikipedia: kila mmoja achore anachokijua, mwingine asahihishe, na matokeo yatumiwe na yeyote bure, ilimradi chanzo kitajwe. Miaka michache kabla ya hapo jambo hilo lisingewezekana, kwa sababu mpaka Mei 2000 Marekani ilikuwa inayavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayowafikia raia, na kosa lake liliweza kufika mita 100. Milimani, mita 100 ni bonde jingine kabisa.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji tu. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, walianza kuchora mtaa wao, ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa kama doa tupu, katika mradi wa Map Kibera. Mwaka 2015 ikaja Ramani Huria jijini Dar es Salaam, iliyowatoa wanafunzi wa vyuo vikuu madarasani wakazunguke mitaa inayofurika, wakichora mifereji, nyumba na vichochoro. Hawakuwa wanawachorea watalii wa milimani. Lakini ramani ni moja, na aliyejifunza kuchora kichochoro cha Tandale anaweza kuchora kijia cha milima ya Uluguru.

Ila mlimani kazi inabadilika. Mjini mchoraji anaweza kukaa mezani, akafungua picha ya setilaiti na kufuatisha mapaa na barabara mpaka chai ipoe. Msituni ujanja huo unakwama. Juu ya msitu wa Magamba, setilaiti huona vilele vya miti tu. Kijia kilicho chini yake hakionekani. Kukipata lazima mtu akipite, simu ikiwa inarekodi. Kila baada ya sekunde chache simu huandika mahali ilipo na saa yenyewe, na mwisho wa safari kunakuwa na faili lenye alama nyingi zilizofuatana, ambalo watumiaji huliita treki.

Treki ya mtu mmoja huyumba. Mahali pa wazi simu ya kawaida hukosea kama mita 5 hivi. Chini ya miti, au kwenye korongo ambako mawimbi hugonga mwamba kabla ya kufika, kosa huongezeka, na mtu aliyekuwa amekaa akila chapati huonekana kama aliyekuwa akirukaruka huku na huko. Ndiyo maana mchoraji makini hupita mara mbili, au hulinganisha treki yake na za wengine, kisha huchora mstari katikati.

Kuna jambo moja ambalo lingepunguza hofu ya wengi kama lingejulikana: GPS haihitaji bando. Simu haitumi kitu kwa setilaiti, inasikiliza tu, kama redio inavyosikiliza kituo. Kinachohitaji intaneti ni picha ya ramani yenyewe. Kwa hiyo mtu akiwa na programu kama OsmAnd au Organic Maps anaweza kupakua ramani ya eneo zima akiwa bado nyumbani, kisha akatembea siku nzima mahali pasipo na mtandao, na ile alama ya buluu inayoonyesha alipo ikaendelea kumfuata. Pasipo mtandao alama hiyo inaweza kuchelewa kutokea mara ya kwanza. Wengine hukata tamaa hapo na kusema simu ni mbovu, kumbe ilikuwa bado inazitafuta setilaiti. Adui wa kweli ni chaji. Kioo kinachowaka muda wote na baridi ya milimani humaliza betri haraka, na simu iliyozimika saa kumi na moja jioni ukiwa msituni haina tofauti na jiwe.

Kupata kijia ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukisoma. Hapa ndipo kontua zinapoingia, ile mistari myembamba iliyowasumbua wengi kwenye mtihani wa jiografia. Zikikaribiana, mteremko ni mkali. Pale Irente, ambako ukingo wa Usambara unakatika na tambarare ya Mazinde inaonekana chini karibu mita 1,000, kontua hubanana kiasi kwamba kwenye kioo kidogo zinakuwa kama kipande cha mkeka.

Sehemu kubwa ya kontua hizo chanzo chake ni safari moja ya chombo cha anga za juu, Endeavour, ambacho mwezi Februari 2000 kilipima kwa rada sehemu kubwa ya nchi kavu ya dunia. Kwa miaka mingi sisi wa nje ya Marekani tulipewa vipimo vya kila mita 90 hivi. Vile vya kila mita 30 vilipoanza kutolewa mwaka 2014, Afrika ilikuwa ya kwanza kupewa. Hata hivyo mita 30 ni nyingi. Genge lenye urefu wa nyumba ya ghorofa tatu linaweza kupotea katikati ya vipimo viwili, na msituni rada ilirudi kabla ya kufika ardhini, ikapima majani. Ramani inaweza kuonyesha mteremko laini mahali ambapo mtu atashuka kwa makalio.

Kilomita nazo hudanganya. Mskoti William Naismith aliacha mwaka 1892 kanuni ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga, kwenye milima ya Uluguru iliyo juu ya mji huo, kina mita 2,138. Mpando peke yake unakula zaidi ya saa mbili na nusu kabla hujahesabu kilomita hata moja, na Naismith alikuwa akiwafikiria watu wakakamavu, si mtu aliyebeba lita tano za maji na mpwa wake anayeuliza kila dakika kama wamefika.

Kwamba ramani ya simu inaweza kumtia mtu hatarini si jambo la kubuni. Mwaka 2021 shirika la John Muir Trust na chama cha Mountaineering Scotland walitoa onyo kuhusu Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza wenye mita 1,345. Ramani moja maarufu ilikuwa inawapeleka wageni kwenye maegesho ya magari yaliyo karibu zaidi na kilele kwa mstari ulionyooka, kisha inaweka vidoti kutoka hapo hadi juu. Walioujua mlima walisema upande huo ni hatari hata kwa mzoefu, na kwamba wengine wangeweza kufia huko. Vidoti vile havikuwa kijia. Vilikuwa hesabu ya mashine iliyojaza pengo.

Ndiyo sababu waliobobea hawaishii kutazama mstari, huugusa wausome. Kwenye OpenStreetMap mchoraji anaweza kuandika kama kijia kinaonekana vizuri ardhini au hakionekani kabisa, kama kinapitika wakati wote, na ugumu wake kwa ngazi sita zilizoazimwa kutoka chama cha wapanda milima cha Uswisi. Tarehe ya badiliko la mwisho nayo ipo. Kijia kilichochorwa miaka minane iliyopita, kisichoguswa tangu hapo na kisicho na maelezo yoyote, ni ushahidi wa mtu mmoja wa siku moja, na masika nane yamepita juu yake.

Tuseme kijana ametoka Tanga kwa likizo, simu mkononi, anakifuata kijia cha namna hiyo kati ya mashamba. Mama mmoja anayevuna maharage anainua kichwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Waenda wapi na hiyo simu?"

"Irente. Ramani inasema nipite hapa."

"Ramani yako haijaziona mvua za mwaka huu. Kule kumebomoka. Pitia juu kwenye migomba, utavuka kijito, utatokea njiani."

Anapita juu. Simu inarekodi, na kwenye kioo treki yake inajitenga na vile vidoti vyekundu kwa mita mia mbili hivi, kisha inarudi. Mchepuko huo mdogo sasa ni habari ambayo ramani haina.

Kuna namna mbili za kuifikisha kwa wengine. Ya kwanza ni kushirikisha safari nzima, kama ilivyo kwenye tovuti ya Wikiloc, iliyoanzishwa na Mkatalani Jordi Ramot mwaka 2006: treki inapakiwa na picha zake na maelezo ya aliyetembea. Ya pili ni kuigusa ramani yenyewe. Mtu anafungua akaunti OpenStreetMap, anapakia treki yake, anachora mstari juu yake, anachagua kama ni kijia cha miguu au barabara ya shamba, anaandika kwa kifupi alichobadilisha, na anahifadhi. Safari ya Wikiloc inabaki kuwa ya aliyeisafiri. Mstari wa OpenStreetMap ukishaingia ni wa wote, na kesho mwingine anaweza kuusogeza. Kunakili kutoka ramani ya kampuni nyingine hakuruhusiwi. Unachora ulichokiona au ulichokanyaga.

Kabla ya kubonyeza, inafaa kujiuliza kama njia hiyo ni yako kuigawa. Mwanzoni mwa 2018 ilibainika kwamba ramani ya programu ya Strava, iliyojumlisha nyendo za wakimbiaji duniani kote, ilikuwa imeanika kambi za kijeshi huko Syria na Afghanistan, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia mazoezi na saa zao zikirekodi. Raia naye ana kambi yake: treki inayoanzia mlangoni kwako kila Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi inamweleza mwizi mambo mawili kwa mpigo. Programu nyingi zina uwezo wa kuficha mwanzo na mwisho wa treki. Wachache huutumia.

Kuna njia ambazo si siri, ila zina wenyewe. Misitu mitakatifu ya kaya za Wamijikenda pwani ya Kenya iliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na vijia vyake vipo. Kaya Kinondo, karibu na Diani, mgeni huingia na mwongozaji, amejifunga kaniki. Mstari kwenye ramani humwonyesha mtu mahali pa kuingilia, haumwambii kaniki. Kilimanjaro njia za Marangu na Machame zimechorwa hatua kwa hatua, lakini hakuna anayezipanda bila kulipa ada na kuwa na mwongozaji aliyesajiliwa. Ramani ina sehemu ya kuandika masharti ya kupita, kama vile kibali au eneo la mtu binafsi. Mchoraji akiiacha tupu, anayefuata atadhani mlango uko wazi.

Usiku, nyumba ya wageni Lushoto, yule kijana wa Tanga anauchora mchepuko wake. Kipande kilichobomoka anakiandika kuwa hakipitiki, kile cha juu anakiweka kama kijia, na kijito anakikatisha mahali pake. Anafika kwenye kisanduku cha jina la kijito. Mama alikitaja wakati akielekeza kwa jembe, kwa Kisambaa, na yeye alikuwa ameinamia simu. Anaandika neno moja, analifuta. Anakiacha kisanduku kitupu na kuhifadhi vilivyobaki.

Asubuhi basi la saa moja linaondoka bila yeye. Anapanda tena kuelekea mashamba ya maharage, safari hii simu ikiwa mfukoni.