Krisi Mombasa kwa Gari: Vile Utahepa Jam Ukitoka Machakos, na Ufike Mzima

Msee wangu, kama uko Machakos na plan ya Krisi ni Mombasa, kuna kitu moja tuambiane kabla hujaanza kuosha dinga. Jam ya Mombasa Road haikuji na bahati mbaya. Inakuja na tarehe. Kila mwaka watu ni wale wale, na mizigo ni ile ile, wanatoka siku moja saa moja, halafu wanashangaa kukutana wote Salama.

Na hapa hatuongelei kuchelewa peke yake. Mtu aliyekwama masaa matatu akitoka kwa jam huwa anakanyaga mafuta kufidia muda. Hapo ndipo mambo huharibika. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori ziligongana Migaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, na watu 36 wakafa. Siku hiyo hiyo NTSA ikasimamisha kwa muda safari za usiku za mabasi. Ilikuwa imebaki masaa machache tu mwaka mpya uingie.

Kwa hivyo ukipanga safari yako vizuri, hujapanga tu kufika mapema. Umejipangia kutokuwa na haraka.

Kwa nini hii barabara hushikana

Kutoka Nairobi hadi karibu na Kyumvi, pale Machakos Junction, barabara iko na leni mbili kila upande. Ukishapita hapo inabaki leni moja ya kwenda na moja ya kurudi, isipokuwa sehemu chache za mlima. Yaani ni kama kumwaga maji ya ndoo ndani ya chupa. Na sisi wa Machakos tunaingilia hapo hapo kwa shingo ya chupa.

Ongeza malori. Hii ndiyo barabara inayobeba mizigo ya bandari ya Mombasa, si ya Kenya peke yake, hadi ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki ya Kongo. Trela haijui kuna Krisi. Ikipanda mlima inatambaa, na nyuma yake kunajengeka mkia wa magari madogo. Hata Mlolongo inasemekana ilipata jina kwa foleni ya malori yaliyokuwa yakingoja mizani.

Halafu kuna kitu tunajifanyia wenyewe: kuovalapu. Lori moja linaharibika, foleni inasimama, msee mmoja mjanja anatoka kwa leni yake, wengine ishirini wanamfuata. Upande ule mwingine pia wako na wajanja wao. Wanakutana uso kwa uso, hakuna wa kurudi nyuma, na hata breakdown ya kutoa lile lori haina pa kupita. Jam ya dakika arobaini inageuka ya usiku mzima. Novemba 2015 mvua iliharibu barabara pande za Taru, na kuna madereva walikaa huko hadi siku tatu.

Wafaransa walishapitia hii

Usidhani ni Kenya tu. Ufaransa, mwanzo wa Agosti, nusu ya nchi inatoka likizo na nusu nyingine inaenda, na wengi wanataka kitu kile kile unachotaka: bahari. Nyumba nyingi za likizo hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hivyo kila mtu anatoka Jumamosi. Wa Paris wote wanashuka kusini kupitia Lyon. Agosti 1975 mambo yalichacha kabisa: ukijumlisha foleni za nchi nzima siku moja, zilifika kama kilomita 600.

Serikali yao haikuanza kwa kujenga barabara mpya usiku. Mwaka 1976 ilianzisha huduma ya kutabiri jam inaitwa Bison Futé, maana yake nyati mjanja. Kila siku ya likizo inapewa rangi: kijani ni sawa, chungwa ni ngumu, nyekundu ni ngumu sana, nyeusi ni balaa. Mtu akiona Jumamosi ni nyeusi, anatoka Ijumaa asubuhi ama anangoja Jumapili. Barabara ni ile ile, magari ni yale yale, ila yametawanywa.

Sisi hatuna hiyo kalenda. Lakini tarehe zetu zinajulikana, so unaweza kujichorea yako.

Kalenda yako ya Desemba

Nyeusi: Tarehe 23 na 24, na Ijumaa jioni ya mwisho kabla ya Krisi. Ofisi zimefungwa, mishahara imeingia, kila mtu anataka kulala kwingine. Kurudi, nyeusi ni tarehe 1 mchana, tarehe 2, na Jumapili ya mwisho kabla shule zifunguliwe.

Nyekundu: Tarehe 21 na 22, na wikendi iliyo karibu na Jamhuri, tarehe 12. Pia jioni ya tarehe 26, wale wa likizo fupi wakirudi.

Kijani: Jumanne, Jumatano ama Alhamisi yoyote kabla ya tarehe 18. Na hii wengi hawaifikirii: asubuhi ya Krisi yenyewe. Wengi washafika ocha, wengine wako kanisani. Kurudi, jaribu tarehe 28 ama 29, ama asubuhi ya mwaka mpya mapema kama hukukesha.

Najua utasema boss hakupi off kabla ya tarehe 23. Sawa. Basi usitoke tarehe 23 jioni na watu wote. Lala. Kula kuku ya mathe hapo Machakos tarehe 24, toka tarehe 25 alfajiri. Umepoteza siku moja ya bahari, lakini umeokoa pengine masaa sita ya kukaa nyuma ya trela na watoi wakilia.

Saa ya kutoka

Machakos hadi Mombasa ni kama kilomita 450. Ukienda wastani wa kilomita 60 kwa saa, hiyo ni masaa saba na nusu ya kuendesha, bila kusimama. Siku ya jam wastani ukishuka hadi 40, ni zaidi ya masaa kumi na moja. Panga kwa ile ya pili. Ukifika kwa ile ya kwanza, shukuru.

Saa nzuri ni kumi na moja alfajiri, uwe Kyumvi kabla wale wa Nairobi waliotoka saa hiyo hiyo wafike hapo. Karibu safari yako yote itakuwa mchana. Usiku kuna mataa makali kwa macho, malori yameharibika bila alama, na kati ya Mtito Andei na Voi unapita katikati ya Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, ambako ndovu anaweza kuamua kuvuka. Ndovu hana riflekta.

Kuna njia nyingine ya watu wa huku: Machakos, Katumani, Mukuyuni, Wote, halafu Wote hadi Makindu. Ukitokea Makindu utakuwa umeruka Salama, Sultan Hamud na Emali kwa mkupuo mmoja. Lakini hiyo njia ni nyembamba, ina kona na milima, boda na ng'ombe. Ni ya mchana, na ni ya dereva asiyetaka mbio. Ukisikia kuna shida mbele ya Kyumvi, ni vizuri kuijua.

Hesabu ya kuovateki

Hebu tupige hesabu pamoja, maana hii ndiyo inaua watu.

Uko nyuma ya lori linaloenda 50. Umelifuata kilomita kumi nzima bila nafasi ya kupita. Hizo kilomita zimekuchukua dakika 12. Ungekuwa unaenda 80 zingekuchukua dakika saba na nusu. Yaani umepoteza dakika nne na nusu. Nne na nusu!

Sasa upande wa pili. Ukiwa 100 unakula kama mita 28 kila sekunde. Basi linalokuja kwa 80 linakula mita 22. Mkijumlisha, nafasi kati yenu inapungua mita 50 kila sekunde. Kupita trela ndefu kunaweza kuchukua sekunde kumi. Hizo ni mita 500 zimeisha, na ulikuwa umeona mita ngapi mbele kabla ya ile kona?

Ukiwa na abiria wako wanne, uza hizo dakika. Hazina bei.

Na sheria ujue: gari ndogo mwisho ni 110 kwa barabara ya leni mbili kila upande, 100 kwa hizi zingine, na 50 ndani ya miji na masoko. Basi, matatu na malori makubwa ni 80. Karao wakikupata umezidisha kilomita 6 hadi 10, faini ni 500. Ukizidisha 16 hadi 20, ni ngiri kumi. Hiyo ni hoteli ya usiku mmoja imeenda.

Kusimama si kupoteza wakati

Simama kila masaa mawili. Macho yakiwa mazito, muziki na soda baridi hazisaidii. Kinachosaidia ni kulala dakika ishirini mahali salama. Kama mko madereva wawili, badilishaneni kabla ya kuchoka.

Makindu kuna hekalu la Masingasinga lililojengwa 1926, na linalisha wasafiri bure, dini yoyote, kabila lolote. Vua viatu, funika kichwa, acha sigara na pombe nje, na ukiweza toa sadaka. Ukipita hapo na familia umeokoa doh na umepumzisha mgongo.

Mtito Andei ni karibu nusu ya safari kwa mtu wa Nairobi. Hapo jaza tanki, maana mbele yako kuna karibu kilomita 100 za mbuga hadi Voi, na si mahali pa kuishiwa na mafuta. Mkamba yeyote atakwambia jina hilo linahusu msitu na tai, ndege wa mizoga. Wazee hawakuita hivyo bure.

Cha kubeba, na cha kuangaliwa na fundi

Wiki moja kabla, si siku moja, peleka gari kwa fundi: breki, tairi pamoja na spea, mataa yote, waipa, maji ya rejeta. Unatoka kwa baridi ya Machakos, mita 1,600 juu ya bahari, unashuka hadi joto la Voi. Rejeta mbovu huwa inajitangaza huko huko, katikati ya foleni.

Ndani weka jeki, lifesaver, tochi, maji ya kunywa ya kutosha kukaa masaa matano pahali pamoja, chakula kisichoharibika, dawa za mwenye anatumia dawa, pampers kama kuna mtoi, pawabanki, na kesh kidogo, maana netiweki ya M-Pesa inaweza kupotea. Mikanda wote, hata wa nyuma. Namba za kuweka kwa simu ni 999 ama 112 za polisi, na 1199 ya Msalaba Mwekundu.

Ukikaribia Mombasa

Wengi hulegea wakifika Mariakani, kumbe ndio foleni nyingine inaanza, hadi Changamwe. Kama unaenda Diani, huna haja ya kuingia mjini wala kungoja feri ya Likoni. Shika barabara ya Dongo Kundu kuanzia Miritini, vuka daraja la Mteza, utokee Kwale. Kama ni Kilifi ama Malindi, kuna njia ya Mariakani, Kaloleni hadi Mavueni, inayokutoa kando ya mji.

Na kama huna gari?

Treni ya SGR haina shida ya kuovateki. Ekonomi kutoka Nairobi hadi Mombasa ilipanda hadi 1,500 Januari 2024, na ile inayosimama njiani unaweza kuipandia Athi River ama Emali. Tiketi za Desemba huisha mapema, so piga *639# mapema.

Ukipanda basi, kumbuka wewe ni abiria, si mzigo. Dere akianza kusinzia ama kuovateki kwa kona, ongea. Ukiongea peke yako makanga atakutusi. Mkiongea watu kumi, basi litapunguza mbio. Hakuna mtu amewahi kuzikwa kwa sababu aliambiwa ni mwoga.

Na kabla utoke, mpigie anayekungoja umwambie hivi: "Tutafika tukifika." Usimpe saa. Ukishampa saa, utaanza kuikimbiza. Bahari imekuwa hapo miaka yote, haitaondoka jioni hiyo.

Sasa toa kalenda, chagua rangi yako, na umtumie hii story msee wa gari mlilopanga kwenda nalo. Hasa kama ndiye atakuwa dere.